Maji ya Bi Kahaso

Mkongani, 1964

Jumapili, 5 Aprili

Nimehubiri juu ya toba, na watu wametazama mlangoni kuona kama wingu limekuja. Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa nikichungulia. Mahindi tuliyopanda baada ya Pasaka yamechimbuliwa na panya, na mbegu za kupandia tena sijui zitatoka wapi.

Mchungaji ameagiza kwamba atakuja Pentekoste na Meza ya Bwana. Kabla ya hapo sisi wainjilisti tuwatayarishe watu kwa kukemea mambo matatu: hanga, yaani matanga ya pombe na ngoma, kisha hirizi, kisha maji ya kupoza. Nimeyakemea yote kwa pumzi moja. Kwenye pombe na hirizi watu walinyamaza. Nilipofika kwenye maji, wazee wa benchi la nyuma waliguna.

Haya maji ni mila yetu. Mtu akiwa na uchungu na mwenziwe, na yule mwenziwe akapatwa na jambo, ugonjwa au mimba isiyokaa, basi mwenye uchungu huitwa. Huweka maji kinywani, akampulizia yule mwilini, akasema: kama ni mimi, nimepoa, nawe upone. Wazee huita kuhatsa. Nyanya yangu alinipulizia nikiwa mtoto, na ninachokumbuka ni baridi yake kifuani. Mchungaji, ambaye ni mtu wa bara, asema ni ibada ya mizimu. Yeye ndiye mkubwa wangu.

Aliyeitikia "Amina" kwa sauti ni Bi Kahaso peke yake. Mjane huyu ndiye nguzo ya kanisa letu. Yeye hufagia, yeye hugonga ile rimu ya lori tuliyoifanya kengele, na hajakosa ibada tangu mumewe Mwinga alipofariki. Ningekuwa na waumini watano kama yeye ningelala usingizi mzuri.

Jumanne, 7 Aprili

Jua. Nimelima kidogo, mgongo ukakataa.

Alhamisi, 9 Aprili

Menza, mwana wa pekee wa Bi Kahaso, amekuja shambani kwangu. Yeye na mkewe Kache wametengwa na kanisa tangu mwaka jana, kwa sababu walikubali kufanya hanga la marehemu Mwinga, na Mwinga alikufa Mkristo. Jumapili husikiliza ibada wakiwa barazani, nje ya mlango. Bi Kahaso hupita katikati yao akiingia ndani na hawasalimii.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Menza. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila si nzuri."

Kache ni mjamzito na siku zake si mbali. Mtoto wa kwanza alizaliwa amekufa, miezi michache baada ya lile hanga, na sasa Kache halali. Amejiaminisha kwamba huyu naye atakwenda, kwa kuwa mama mkwe ana uchungu naye. Wazee wamemwita Bi Kahaso aje na maji. Amewajibu kwamba kanisa limekataza.

"Asema ni wewe uliyekataza, Mwalimu. Neno lako hulisikia. Mwambie aje."

Nimemwambia nitawaombea.

"Maombi tunayo," akasema. "Tuliyemkosa ni mama." Alisema kwa adabu, akaniaga, akaenda zake. Sikuweza kulima tena.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimemsimulia mke wangu. Hannah hana haya na mimi. Amesema, "Umemkataza Bi Kahaso kitu ambacho hakutaka kukifanya. Ndiyo sababu akuona mhubiri mzuri."

Nimemwambia aangalie ugali wake usiungue.

Jumapili, 12 Aprili

Tumeomba mvua. Haikunyesha.

Jumatano, 15 Aprili

Chifu amekusanya watu kuwaeleza habari za Uhuru, kwamba sasa tujitegemee. Mzee mmoja ameuliza kama serikali mpya itagawa mbegu. Chifu amesema jambo hilo litaangaliwa. Nimetembea kurudi nikiwa na kiu, na njia nzima nimewaza kwamba mimi nami huwajibu watu hivyo hivyo.

Jumapili, 19 Aprili

Imenyesha wakati wa wimbo wa mwisho. Tuliacha kuimba tukasikiliza. Makuti ya paa yamevuja kila mahali, na hakuna aliyesogea.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Tumepanda.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua.

Jumapili, 26 Aprili

Sasa imezidi. Jana jioni ukuta wa nyumba ya Bi Kahaso umeanguka, wote wa upande wa mvua. Menza alikwenda mbio kumchukua mama yake, akakuta amekwisha kufunga nguo zake katika kanga na anaelekea kanisani. Nyumba ya mwanawe ina vyumba viwili na paa zima. Amepita mlangoni pake akiwa amelowa chapa chapa, akaenda kulala kwenye benchi la kanisa.

Watu wamemsifu leo. Wamesema, tazameni imani, amekimbilia nyumba ya Mungu. Mimi nami nimemsifu, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Jumanne, 28 Aprili

Nimeona jambo ambalo ingefaa nisilione.

Nilikwenda kanisani mapema kuziba mahali panapovuja. Kache alikuwa amenitangulia njiani. Tumbo limeshuka, anatembea kwa kujishika kiuno, na matope yale hata mbuzi yanamshinda. Alibeba kibuyu cha uji wa mtama, ameufunika kwa jani la mgomba. Alifika mlangoni, akapiga magoti nje pale pale kwenye tope, akasema, "Shikamoo, mama. Nimekuletea uji." Akakiweka kizingitini, akaondoka bila kungoja jibu. Nadhani alijua hakuna.

Bi Kahaso alitoka. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya ukuta. Akakitazama kile kibuyu muda mrefu. Kisha akakiinamisha taratibu, uji wote ukamwagika, akakisuuza kwa maji ya mvua na kukirudisha kizingitini kikiwa safi. Ndipo akaingia ndani na kuanza kuimba tenzi.

Huyu ndiye niliyemsimamisha mbele ya wengine kama mfano. Huyu ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga magoti kwenye Meza ya Bwana. Miaka yote nilidhani nalichunga zizi la kondoo, kumbe sijui hata kondoo wangu hula nini. Nimeziba paa vibaya na limeendelea kuvuja.

Jumamosi, 2 Mei

Mwanapili amepita kwetu. Yeye ni mkunga, Mdigo, mtu wa swala tano, na wanawake wa huku wote wamepita mikononi mwake, Wakristo na Waislamu. Hannah alimpa chai.

"Mtoto amekaa vizuri," alisema. "Mamake ndiye hakukaa. Mwanamke mwenye hofu hasukumi, Mwalimu, hujikaza. Nimewazika wa namna hiyo."

Nikamwambia hospitali iko Msambweni, apelekwe mapema.

"Kwa njia gani? Mto umefurika na gari haliji. Mimi nina dini yangu nawe una yako, sitaki kuingilia. Lakini hata kwetu mama mwenye kinyongo huombwa radhi, na akishaombwa hutoa. Huyo mama mkwe ana nini moyoni? Mficha uchi hazai, nawe waujua msemo huo. Leo anayezuiwa kuzaa ni mwengine kabisa."

Alimaliza chai yake, akamwambia Hannah asante, akafunga buibui na kutoka mvuani. Hannah alivikusanya vikombe kwa kelele, jambo ambalo ni baya kuliko akisema.

Jumapili, 3 Mei

Nimehubiri juu ya kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kwanza kupatana na ndugu yako. Bi Kahaso ameitikia "Amina" kuliko wote.

Jumatano, 6 Mei

Homa. Nimelala.

Jumamosi, 9 Mei

Nimepata nguvu kidogo nikaenda kuzungumza naye. Alikuwa akifagia maji yaliyoingia kanisani. Nikaketi, nikamwomba naye aketi. Hakuketi.

"Bi Kahaso, nilikuona ukimwaga uji."

Fagio likasimama. "Na kumwaga uji kumekatazwa pia?"

"Mwambie Kache neno moja. Msichana anaogopa."

"Aogope. Mimi nilipoogopa nani alikuja?" Akaliegemeza fagio ukutani. "Mwinga aliniambia kitandani, kwa kinywa chake mwenyewe, mke wangu nizike kwa nyimbo, usikubali pombe. Nikamwapia. Nao wazee wakangoja mpaka nimekwenda kwa ndugu zangu. Ninarudi nakuta ngoma uani, na Kache amejitwika chungu cha pombe, na mwanangu anacheka. Siku ile ikifika, nikionana na Mwinga huko, nitamwambia nini?"

Nikamwambia kwamba Mwinga yuko mikononi mwa Mungu na pombe ya watu haiwezi kumtoa huko. Akaniuliza kama nina hakika. Nina hakika, na nikamwambia. Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, nami nikapata ujasiri nikasema, "Basi nenda ukampulizie maji. Mchungaji nitajibizana naye mimi."

Hapo ndipo alipoketi.

"Nilisema neno, Mwalimu. Siku ile ya pombe. Nilimtazama Kache na kile chungu nikasema, uliyebeba mzigo huu, tumbo lako lisifikishe wake. Hakuna aliyesikia, ngoma ilikuwa inalia. Kisha yule mtoto akazaliwa amekufa. Walikuja kuniita nimwone, sikuenda. Wasema nimekataa maji kwa kiburi. Nikienda na maji kinywani leo nitakuwa nimekiri mbele ya watu wote kwamba nilimuua mjukuu wangu."

Miaka yote nimefundisha watu kuungama, nao huungama uvivu na masengenyo. Sikuwa nimejitayarisha kwa kitu kama hiki. Hasira niliyokuwa nayo tangu siku ya uji iliniisha pale pale, na badala yake nikamwonea huruma iliyonichosha zaidi kuliko hasira. Alikuwa akilala na jambo hilo kila siku, akaamka nalo, akaja kunipigia kengele.

"Hukumuua," nikasema. "Mungu hatumwi na hasira ya mtu kuua mtoto."

"Kama maneno yangu hayafiki kwake, mbona wanifundisha kuomba?"

Homa ilikuwa inarudi, kichwa kinagonga, nami nilitaka kwenda kulala. Nikasema lile lililokuja kwanza. Nikasema, basi achana na maji ya wazee, Pentekoste imekaribia. Kikombe cha Bwana chaondoa uchungu wote. Kipokee kwa toba, na kikiwa kinywani mwako hakuna neno baya litakalobaki humo.

"Chatosha?"

"Chatosha."

"Hata neno lile?"

"Hata lile."

Aliinuka akalichukua fagio. Nilipofika njiani nikageuka, nikamwona amesimama katikati ya kanisa bila kufagia.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua. Mahindi yamefika magotini, na majani yameanza kuwa manjano kwa maji mengi. Mwezi uliopita tulililia mvua.

Alhamisi, 14 Mei

Kache ameanza kuumwa, kisha uchungu ukaacha. Mwanapili amehamia kwao.

Jumapili, 17 Mei. Pentekoste

Naandika haya nikiwa bado na kanzu ya kanisa. Hannah amenitengea chakula na sijakigusa.

Mchungaji alifika jana kwa miguu kutoka mahali gari lake lilipokwama, matope mpaka magotini, na hakulalamika. Nataka niliandike hilo, maana ni kweli, na yeye si mtu mbaya. Alileta mkate na chupa ya maji ya zabibu katika mkoba wake, na alikuwa ameibeba chupa kama yai.

Kanisa lilijaa. Barazani walikuwa Menza na Kache. Kache hakupaswa kuja katika hali ile. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameegemea mwimo wa mlango, uso umevimba, na Mwanapili kando yake amejifunika buibui akitazama upande wa barabara, kama mtu aliyepita tu.

Mchungaji alihubiri juu ya uzima wa milele. Alisema tunaishi hapa kama wapangaji, na siku ya kuhama hatupewi notisi. Lilikuwa hubiri zuri. Kisha akatayarisha Meza, akanipa kikombe nimshikie, na watu wakaanza kuja.

Bi Kahaso alikuja wa kwanza, kama kawaida yake. Alipiga magoti. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa funda kubwa, si lile la kulowesha midomo kama wafanyavyo wengine. Akainuka. Nikaona mashavu yake yamejaa. Hakumeza.

Nilijua kabla hajageuka. Ningeweza kumshika mkono, nilikuwa karibu, na sikumshika. Alitembea katikati ya mabenchi, macho mbele, polepole ili asimeze wala kukohoa wala kupumua vibaya, mpaka mlangoni. Watu walidhani anakwenda kutapika. Akafika kwa Kache, akapiga magoti mbele yake pale pale kizingitini, mkwe mbele ya mkaza mwana, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Akampulizia kifuani na tumboni. Gauni la Kache likawa na madoa mekundu.

Kisha akasema, na alisema kwa sauti, maana sasa hapakuwa na ngoma:

"Mimi ndiye niliyesema. Siku ya pombe nilikuombea tumbo lako lisifikishe mzigo. Mtoto wako alipokufa niliogopa nikajificha humu ndani. Kama ni mimi, na kama ni kinywa changu, kimepoa. Nawe upoe, mwanangu. Zaa salama. Na usiponisamehe, ni haki yako."

Kache alilia. Alilia kwa sauti kubwa kama mtoto aliyepotea sokoni akamwona mamake. Alimshika Bi Kahaso kichwa kwa mikono miwili. Menza alikuwa amegeukia ukuta.

Mchungaji alikuwa amesimama na mkate mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu Mwero, yule mama amefanya nini?"

"Ametubu, Mchungaji."

"Kwa damu ya Bwana? Ametema damu ya Bwana juu ya mtu?"

"Nilimwambia kikombe kinaondoa uchungu. Ameniamini."

Sidhani alikuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na labda alichoka kama mimi. Aliendelea na Meza mpaka mwisho. Nikamwaga kidogo juu ya kitambaa.

Jumatatu, 18 Mei

Mchungaji ameamua kabla ya kuondoka. Bi Kahaso ametengwa na Meza ya Bwana hadi Krismasi. Mimi nisihubiri mpaka nitakapoitwa na kuhojiwa. Nimesema sawa. Nimemsindikiza mpaka kwenye gari lake na tumelisukuma pamoja.

Alipokwisha kukaa ndani ameniuliza, "Yule msichana hali yake?"

Nimemwambia amelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Ameitika kwa kichwa na kuwasha gari.

Alhamisi, 21 Mei

Kache amejifungua mchana. Msichana. Mwanapili asema ilikuwa kazi ndefu, na kwamba ilipofika mahali pa kusukuma Kache alisukuma. Bi Kahaso alikuwa nyuma yake amemkumbatia, mgongo wa Kache kifuani pake. Nimemuuliza Mwanapili kama ni yale maji. Akasema, "Mwalimu, mimi nazalisha tu. Hayo ni yako."

Ijumaa, 22 Mei

Nimekwenda kumwona mtoto. Bi Kahaso anampikia Kache uji. Hajarudi kulala kanisani. Alinikaribisha kiti, kisha akaniuliza kama bado nina hakika juu ya Mwinga. Nimesema ndiyo.

"Na yule wa kwanza?"

Nimesema na yule pia. Amekoroga uji wake. Sijui kama ameamini. Nadhani jambo hilo atalibeba mpaka amwone mjukuu huyo huko, na mimi sina njia ya kumtua.

Jumapili, 31 Mei

Mvua inapungua. Nusu ya mahindi imeoza.

Jumapili, 14 Juni

Wakubwa wa kanisa huko Kwale wametuletea mhubiri wa muda, kijana mwenye viatu vizuri. Asubuhi hakuna aliyegonga kengele, kwa kuwa mgongaji ametengwa na hakuna mwengine ajuaye. Watu wakawa wanazungukazunguka uani. Mwishowe Bi Kahaso akampa Kache mtoto, akaenda akaigonga ile rimu, akarudi barazani kukaa. Hakuna aliyemkataza.

Nimekaa naye. Hannah alikataa kuingia ndani bila mimi, kwa hiyo mkeka ulijaa: Menza, Kache, Bi Kahaso, Hannah na mimi, na mtoto akipokewa huku na huku. Amelia karibu ibada nzima.

Yule kijana amehubiri juu ya toba. Barazani tumemsikia vizuri.